Msingoje mtoto aongee mwenyewe: barua kwa wanangu wa vikoba, Chang'ombe

Wanangu,

Salaam nyingi. Kila tukikutana kwenye hisa nasikia neno hili: "Ana miaka mitatu haongei, lakini hata baba yake alichelewa." Wapo wanaochelewa kisha wakaongea vizuri. Ila nani ataongea mwenyewe na nani anahitaji msaada, hilo halijulikani kwa kukisia, na umri huo mdogo ndio lugha inaposhika upesi.

Mawasiliano hutangulia maneno. Akikaribia mwaka, mtoto hugeuka akiitwa, huonyesha kwa kidole anachotaka. Akifika miaka 2 anaunga maneno mawili: "mama maji." Mwenye mwaka na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, mpelekeni. Aliyekuwa na maneno yakapotea, mpelekeni wiki hiyohiyo.

Anzeni na masikio. Mtoto anaweza kushtuka mlango ukibamizwa na bado asisikie maneno sawasawa, kwa hiyo ombeni apimwe. Usaha sikioni si wa kutiwa mafuta ya moto. Na habari ya kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, ili mtoto aongee, nawasihi, iacheni kabisa! Kimio hakizuii maneno. Wembe ule huleta damu na maambukizi. Wala msimnyime Kigogo cha bibi yake. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Wengine mnadhani tiba ya usemi ni sindano au dawa. Ni mchezo wenye mpango. Mtaalamu anashika mpira, anamtazama mtoto, ananyamaza. Mtoto akitoa hata "pa", mpira unamfikia palepale. Anajifunza kwamba sauti yake inaleta kitu. Mwenye usonji au mtindio wa ubongo anaweza kupewa picha na ishara, na ishara hazimzuii kuongea.

Wataalamu hawa ni wachache, hivyo kazi kubwa ni ya nyumbani. Ukichambua mlenda, mpe jani moja, litaje, kisha subiri. Subirini kweli, maana sisi watu wazima tuna haraka ya kumjibia mtoto. Simu ya katuni haimsubiri wala haimjibu.

Anzieni zahanati, mwombe rufaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma, kuna madaktari wa masikio, pua na koo. Akina baba nao waende, mtoto haongei na mama peke yake. Anayeogopa kwenda peke yake aniambie Jumamosi, nitamsindikiza.

Bibi yenu,
Chang'ombe, Dodoma