Barua ya wazi kwa vijana wa baraza yetu: Uingereza mnaitaja, Muungano mnaukusudia

Assalaam alaykum wanangu,

Ningeweza kuyasema haya pale pale barazani, lakini mtu wa umri wangu akisimama kusema baada ya Isha, watu hudhani anaaga. Basi nimeandika.

Juzi mzozo ulianza kwa simu. Mmoja wenu alionyesha video aliyotumiwa na jamaa yake wa London, akilalamika maisha yamepanda tangu nchi ile itoke Umoja wa Ulaya. Mmoja akasema, wameyataka wenyewe. Mwengine akajibu kwamba bora njaa ya mwenye nchi yake kuliko shibe ya kuamrishwa. Hadi hapo yalikuwa mazungumzo, na mazuri. Kisha likatoka neno "kibaraka", kete ya dhumna ikaruka, na kahawa ikamwagika juu ya kanzu nyeupe ya mtu aliyekuwa hana habari na Ulaya wala Uingereza. Tangu siku ile mmoja wenu anakunywa kahawa ng'ambo ya barabara, peke yake, kama mke aliye edani.

Wanangu, hakuna hata mmoja wenu mwenye shamba kule. Hamkugombana kwa ajili yao. Kila mliposema "wametoka" nilisikia Muungano wetu wa Tanganyika na Zanzibar, na kila mliposema "wangebaki" nilisikia Muungano. Mie si mtoto. Na kuuzungumza Muungano si kosa, umezungumzwa hadharani mbele ya Tume ya Warioba, ile ya mabadiliko ya Katiba, na rasimu ya serikali tatu ikatoka mwaka 2013 watu wakaisoma. Kosa ni kufumba. Ukifumba, mwenzio hajui umempiga wapi, na wewe hujui anakujibu lipi.

Basi tuanze na la wenyewe. Uingereza iliingia Jumuiya ya Ulaya, iliyokuja kuwa Umoja wa Ulaya, Januari 1973. Tarehe 23 Juni 2016 watu wakaulizwa wabaki au watoke. Waliotaka kutoka walikuwa milioni 17.4, waliotaka kubaki milioni 16.1. Kwa asilimia ni 51.9 kwa 48.1. Mwenye kura nyingi ameshinda, hilo sina ugomvi nalo, na wale wanaosema watu wale walikuwa wajinga tu siwaafiki hata kidogo. Mtu akitaka sheria za nchi yake zitungwe nyumbani kwake, hilo ni jambo la mtu mwenye akili zake.

Lakini itazameni ile karatasi ya kura. Ilikuwa na majibu mawili tu. Neno "kutoka" lilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na watu wa kila namna: anayetaka kutoka lakini abaki kwenye soko la pamoja, anayetaka kutoka kabisa, anayetaka wavuvi wa nje wasiingie bahari yake, na anayetaka tu kumkomoa Waziri Mkuu. Wote wakatia alama mahali pamoja. Asubuhi yake Waziri Mkuu huyo, Cameron, akatangaza kujiuzulu, na hapo ndipo wakaanza kuulizana: tunatoka kwenda wapi? Theresa May, aliyemrithi, alipopeleka mkataba wake wa kutoka bungeni Januari 2019 ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, na waliomwangusha walikuwamo waliotaka kutoka zaidi na waliotaka wasitoke kabisa, wamekaa upande mmoja. Walitoka mwisho wake tarehe 31 Januari 2020, baada ya kusogeza siku mara tatu.

Nawapa mfano mmoja wa kipwani. Siku chache kabla ya kura, wavuvi walipanga vyombo vyao wakapanda navyo mto Thames hadi mbele ya Bunge, kudai bahari yao. Mie nilipoona picha zile moyo ulinicheka, maana ningekuwa huko ningekwenda na ngalawa yangu. Ilipofika Januari 2021, wenye kuuza chaza na kome wabichi Ulaya wakakuta mlango umefungwa kwa wengi wao. Sheria ya Ulaya kwa nchi ya nje ilikuwa haikubali chaza hai kutoka maji yasiyo safi sana mpaka wasafishwe kwanza. Sheria yenyewe haikuwa mpya. Kilichobadilika ni kuwa Waingereza sasa ni watu wa nje. Nani aliwaeleza haya kabla? Chaza hasubiri wakubwa wakae kikao. Pakiti ikilala bandarini siku mbili, nyie mnajua harufu yake.

Sasa turudi kwetu, maana sisi pia tumewahi kuona jumuiya ikivunjika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwanzo ilikufa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Hakukuwa na karatasi ya kura. Wakubwa walikosana, ndege na reli na posta za pamoja zikavunjika kila mmoja akishika kilichokuwa upande wake, na mkataba wa kugawana mali ukaja kutiwa saini mwaka 1984. Wafanyakazi wa Jumuiya ile walizeeka wakidai mafao yao.

Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa Shimoni, pwani ya Kenya. Kabla ya hapo ilikuwa pepo zikikubali anakuja Wete kwa mashua na kapu la maembe, anakaa wiki, anarudi. Alipofariki, habari tuliletewa na mvuvi usiku, siku ya tisa, pamoja na kanga yake moja iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hitima ilikuwa imeshapita. Mama aliishika ile kanga, hakulia, akauliza tu: "Nani aliyemwosha?" Mvuvi hakujua. Hilo ndilo ninalolikumbuka mimi nikisikia watu wanasema "watoke tu" au "wakae tu", kama kufukuza mbuzi.

Mwenzenu wa ng'ambo ya barabara alisema neno moja la haki ambalo hamkulisikia kwa makelele. Alisema wadogo hawaulizwi. Watu wa Scotland walipiga kura kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini karibu 56, lakini hesabu ilikuwa ya wote na wakatolewa. Sisi tunalijua hilo. Zanzibar iliingia katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu, ile OIC, na mwaka 1993 ikajitoa, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Na Ireland ya Kaskazini leo baadhi ya mizigo inayovuka bahari kutoka Uingereza hukaguliwa bandarini ingawa nchi ni moja. Mnaposikia hilo msijifanye hamkumbuki ushuru wa mzigo wa kwenda Bara, uliokaa katika orodha ya kero za Muungano miaka na miaka.

Ila mfano una mwisho wake, na hapa namgeukia yeye. Uingereza ilikuwa dola kamili ndani ya umoja wa madola, na pauni yake na jeshi lake, na mkataba wa Ulaya una kifungu cha 50 kinachoeleza jinsi ya kutoka. Hati za Muungano za 1964 hazina kifungu kama hicho, wala mambo yaliyounganishwa si ya biashara tu. Anayetaka kuhoji Muungano ahoji kwa Hati na Katiba mkononi. London haitamsaidia.

Na neno kibaraka lisirudi tena barazani. Kule nako, gazeti moja liliwaita majaji watatu maadui wa wananchi kwa kuamua tu kwamba Bunge lishirikishwe. Wiki moja kabla ya kura mbunge Jo Cox aliuawa barabarani akienda kuonana na watu wake. Nyie wengine mlikuwa hamjazaliwa uchaguzi wa 1995, lakini waulizeni wazee wenu: watu wa mtaa mmoja walikuwa hawazikani, hawanunui chumvi duka la jirani. Hadi Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 tulikuwa tunapitana na majeneza. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ya serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar, ilikuja baada ya wakubwa kukubaliana kwanza, watu wakijua wanachokikubali, na thuluthi mbili wakasema ndiyo. Thuluthi moja wakasema hapana. Hao wa hapana ni jirani zangu na tunasali safu moja.

Ile kete iliyorushwa, yenye matone sita huku na sita huku, niliiokota mtaroni kesho yake alfajiri. Nimeiosha, iko mfukoni mwangu. Dhumna haichezeki bila hiyo, najua, maana nimewaona mnacheza karata siku tatu sasa. Baada ya Alasiri niko nyumbani. Waje kuifuata wale wawili, wote wawili kwa pamoja, na mmoja wao apitie haluwa njiani.

Mzee wenu,
Wete, Pemba