Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo: Chanjo na vipimo katika ng'ombe wenye vimelea

Mheshimiwa Waziri,

Katika kampeni za chanjo, ng'ombe huingizwa kwenye kibanio, huchomwa sindano, na idadi yao huandikwa daftarini kana kwamba kila aliyechomwa amekwisha kukingika. Idadi hiyo inaweza kutudanganya. Ng'ombe mwenye nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o, hupokea chanjo ileile, lakini mwili wake huweza kutengeneza kinga haba. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha hivyo kwa chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nadhani baadhi ya lawama tunazozitupia chanjo na majokofu yake zingefaa kuelekezwa kwenye damu tusiyoipima.

Minyoo bapa ya ini ina hila nyingine. Aliyewahi kupasua ini la ng'ombe machinjioni anaijua: mirija ya nyongo hukakamaa hadi kisu kikakwaruza kama kimegonga mchanga, na ukiibinya hutoka vidude vilivyo mfano wa majani madogo. Ili idumu humo, minyoo hiyo hupoza kinga ya ng'ombe, hasa upande ule unaopambana na bakteria wa kifua kikuu, na ndio huohuo unaotegemewa na kipimo cha ngozi cha tuberkulini (dondoo ya bakteria hao inayodungwa kwenye ngozi), ambacho husomwa baada ya saa 72 kwa kupima unene wa uvimbe. Uvimbe usipotokea, mgonjwa huhesabiwa mzima. Mwaka 2012, watafiti waliochunguza ng'ombe wa maziwa wa Uingereza na Wales walikadiria kwamba takriban theluthi moja ya maambukizi hayakugunduliwa kwa sababu ya minyoo hiyo.

Naomba basi uagize kwamba damu na kinyesi cha ng'ombe wachache wa kila kundi vipimwe wiki kadhaa kabla ya chanjo, walioathirika watibiwe, na taarifa za maini yaliyotupwa machinjioni zimfikie daktari anayesoma kipimo cha kifua kikuu. Mlipuko ukiwa umekwisha kuzuka, chanjo isisubiri.

Siombi kila ng'ombe anyweshwe dawa ovyo, kwani minyoo huzoea dawa. Tena, utafiti wa mwaka 2015 kwa nyati wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba waliotibiwa minyoo waliambukizwa kifua kikuu sawa na wenzao, ila waliishi nacho muda mrefu zaidi, na hivyo wangeweza kukieneza zaidi. Kwa hiyo, kundi likishatibiwa minyoo, lirudishwe kwenye kipimo cha kifua kikuu.

Wako mtiifu,
Daktari wa mifugo