Nyota anayebaki nyumbani naye aandikwe: barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka mezani. Kila mechi ya mpira wa vikapu ina meza kando ya uwanja, na hapo huketi watu wanaotunza saa, wanaoandika pointi na kuhesabu makosa. Mimi ni mmoja wao hapa Kisumu. Nakuandikia juu ya jambo lililowagawanya mashabiki wetu, jambo ambalo ukilitazama juu juu utadhani halihusiani na ofisi yako.

Mchezaji wetu mmoja bora, kijana ambaye sitamtaja kwa sababu uamuzi ni wake, amefuatwa na timu kubwa. Tena timu yenyewe ni ile ambayo inashinda hata bila yeye. Tangu habari zienee, kuanzia Kondele hadi Nyalenda watu wanabishana. Wapo wanaomwambia aende kesho asubuhi, asiulize mara mbili. Wapo wanaomwambia kwamba akienda atakuwa ameliharibu jina lake, kwa kuwa ubingwa wa kukuta hauna heshima. Na hawa wa pili wote wana mfano mmoja mdomoni: Kevin Durant, nyota wa vikapu wa Marekani.

Naomba tumtazame Durant vizuri, maana hutajwa kwa hasira zaidi kuliko kwa ukweli.

Aliingia NBA, ligi kuu ya vikapu ya Marekani, mwaka 2007, akachukuliwa na Seattle. Mwaka uliofuata timu nzima ikahamishiwa Oklahoma City, naye akaenda nayo, na huko ndiko alikokuwa mwana wa mji. Mwaka 2014 alitajwa Mchezaji Bora wa ligi. Mei 2016 walikuwa wanawaongoza Golden State Warriors kwa mechi tatu kwa moja katika fainali ya kanda ya magharibi. Ushindi mmoja tu ulibaki, wakapoteza mechi tatu mfululizo. Ile ya sita waliichezea nyumbani, Klay Thompson wa Warriors akafunga mipira 11 ya pointi tatu, na Durant akarusha mara 31 zikaingia 10. Tarehe 4 Julai, mwaka huohuo, akatangaza kwamba anakwenda kwa haohao Warriors.

Hapo ndipo penye kidonda. Warriors walikuwa wametoka kushinda mechi 73 kati ya 82 za msimu wa kawaida, na hakuna timu iliyowahi kuifikia rekodi hiyo. Walikuwa mabingwa wa 2015 bila yeye. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza mechi moja awatoe. Kwa hiyo watu hawakumwona kama mchezaji aliyehama timu. Walimwona kama mtu aliyeshindwa na adui, kisha akavaa jezi ya adui.

Baada ya hapo alicheza mpira ambao mimi binafsi sijaona mzuri kuupita. Mwaka 2017 Warriors walipoteza mechi moja tu katika mechi 17 za mchujo, naye akafunga wastani wa pointi zaidi ya 35 katika fainali. Mwaka 2018 wakawafunga Cleveland mechi nne bila jibu. Fainali zote mbili yeye ndiye aliyetajwa Mchezaji Bora. Mtu mwingine akipata hayo, jina lake halijadiliwi tena. Yake hadi leo yanapimwa kwa mizani nyingine.

Sababu, nionavyo mimi, ni kwamba ubingwa huwa mkubwa kadiri ulivyokuwa na shaka. Mashabiki hujiuliza: bila huyu ingewezekana? Kwa Dirk Nowitzki jibu ni hapana. Alikaa Dallas misimu 21, na mwaka 2011 aliwashinda Miami ya LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, timu iliyoundwa ili isishindwe na mtu. Kwa Giannis Antetokounmpo jibu ni hapana. Alikataa kuondoka Milwaukee, na mwaka 2021 akafunga pointi 50 katika mechi iliyowapa kombe. LeBron naye aliondoka Cleveland mwaka 2010 na watu wakachoma jezi zake, lakini alirudi 2014, na 2016 akaupa mji ule ubingwa wake wa kwanza katika michezo mikubwa tangu 1964. Wengi walimsamehe siku hiyo. Kwa Durant, Warriors walitwaa ubingwa kabla hajafika, na wakautwaa tena 2022 akiwa hayupo. Alipokwenda Brooklyn, kisha Phoenix, kombe halikumfuata. Swali likajibiwa vibaya kwa upande wake, na jibu hilo halifutiki.

Hata hivyo kuna jambo linaloniuma ninapowasikia watu wakimsema. Fainali ya 2019 alikuwa nje, ana jeraha. Timu ilipoelekea kushindwa na Toronto alirudi uwanjani mechi ya tano, na dakika chache za robo ya pili kano ya kisigino ikakatika. Alitoa mguu wake kwa timu ambayo wanasema aliifuata kwa sababu ya urahisi. Wanaomhukumu wangemhesabia na hilo.

Na tena, hakuhama kwa sababu ya moyo wake peke yake. Majira hayo ya 2016 fedha za televisheni ziliongezeka ghafla, na kiwango cha mishahara ambacho kila timu iliruhusiwa kulipa kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo mmoja. Ilipendekezwa kipandishwe polepole, chama cha wachezaji kikakataa. Bila mruko ule, Warriors wasingekuwa na nafasi ya kumlipa nyota mwingine juu ya wale waliokuwa nao. Kwa hiyo jina la Durant kwa sehemu liliandikwa na watu wa mezani, watu wa ofisi, ambao hawakushika mpira hata mara moja. Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mheshimiwa, badala ya kumwandikia yule kijana.

Maana kijana wetu hayuko mahali alipokuwa Durant. Durant alichagua kati ya mamilioni na mamilioni. Hapa kwetu timu zinazotawala ni zile zenye taasisi nyuma yake. Ipo KPA ya Mombasa yenye bandari, Ulinzi Warriors yenye jeshi, Equity yenye benki, na sasa Nairobi City Thunder waliotwaa ubingwa wa nchi 2024 na mwaka uliofuata wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Vikapu ya Afrika. Anayejiunga na timu kama hizo mara nyingi anapata mshahara, na pengine kazi ya kudumu baada ya magoti kuchoka. Wengi wa wale ninaowaandika hapa Kisumu huchezea nauli na sahani ya chakula. Kumwambia mtu wa namna hiyo abaki kwa ajili ya jina, huku mama yake anasubiri kodi ya nyumba, ni ukatili. Mimi siwezi kumwambia, na wanaomwambia nawaomba waache.

Lakini hebu tumfikirie atakayebaki, maana wapo. Anabaki kwa sababu ana duka, au mtoto, au anafundisha, au kwa sababu tu anaupenda mji huu na ziwa lake. Atacheza miaka 10. Ataibeba timu yetu katika mechi ambazo bila yeye tungefungwa kwa pointi 40. Kwa mizani ileile tuliyomtumia Nowitzki, huyu ndiye mwenye heshima kubwa kuliko wote. Sasa nakuuliza: atakapostaafu, tutamwonyesha mjukuu wake nini?

John Stockton hakuwahi kupata ubingwa. Alikaa Utah misimu 19, kuanzia 1984 hadi 2003, akafika fainali mbili, zote akafungwa na Chicago. Mwenzake Karl Malone mwishoni alichoka kungoja, akaenda Lakers mwaka 2003 kutafuta kombe miongoni mwa nyota, na fainali ya 2004 wakafungwa na Detroit. Msimu ule wake mmoja ni nadra kutajwa. Stockton alibaki, akaondoka mikono mitupu, na bado hakuna anayethubutu kusema hakuwa mtu. Kwa nini? Kwa sababu alitoa pasi za bao 15,806, na hakuna mwingine katika historia ya NBA aliyefikia idadi hiyo. Pasi 15,806, Mheshimiwa! Kila moja iliandikwa na mtu aliyeketi kando ya uwanja siku hiyo, na kila moja ilihifadhiwa. Bila wale makarani, Stockton angekuwa hadithi ya wazee wa Utah, na wazee nao hufa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ni hawa wachezaji.

Nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Karatasi ya mechi ina safu ndefu ya namba kuanzia moja. Mchezaji akifunga, nachora mstari wa mshazari juu ya jumla mpya ya timu yake na kuandika namba ya jezi pembeni. Ikiwa ni pointi tatu, namba yake ya jezi naizungushia duara. Mpira wa adhabu ukiingia, natia kitone kilichojazwa. Mwisho wa mchezo nakala ya waridi inapewa timu iliyoshinda, ya manjano inapewa iliyofungwa, na ya juu inabaki kwa waandaaji. Ukiwa na karatasi hizo za msimu mzima unaweza kujua nani alifunga nini, katika robo ipi, na mchezo ukiwa umebana kiasi gani. Kila kitu cha ufungaji kimo. Kisha nakala ya waridi inakunjwa mara nne na kutiwa kwenye mkoba wa meneja pamoja na jezi zenye jasho, mvua ya jioni inawakuta njiani wakiwa juu ya boda, na hadithi imeishia hapo. Mpira uliorudi ubaoni akaudaka nani, pasi ya bao ilitoka kwa nani, hayo karatasi haina hata nafasi yake. Ina maana mchezaji anayefanya kazi ya Stockton hapa kwetu anaifanya hewani.

Tunakumbuka vizuri Februari 2021 kule Yaoundé, Tylor Ongwae aliporusha mpira wa mwisho Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73. Angola walikuwa wamelitwaa kombe la Afrika mara 11. Ushindi ule ulituweka njiani kurudi mashindano ya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kila mpenda vikapu nchini ameuona mpira ule ukiingia, kwa sababu kamera ilikuwepo. Nimeona hapa Kisumu mirusho ya aina ile kwenye saruji iliyopasuka, jioni, watu 60 wamesimama wakipiga kelele. Hao watu 60 ndio pekee watakaoisimulia.

Ninachokuomba ni kitu kidogo ukilinganisha na bei ya uwanja. Agiza kwamba karatasi ya kila mechi ya ligi inayochezwa ndani ya kaunti hii iletwe ofisini kwako ndani ya wiki moja, ipigwe picha, na ihifadhiwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma kwa simu. Tafuta wanafunzi wawili kila uwanja, Chuo Kikuu cha Maseno wapo wengi wanaosoma hesabu na takwimu, wafundishwe kuandika mipira iliyodakwa na pasi za bao, walipwe hata posho ndogo. Majina ya waliocheza misimu mingi zaidi na kufunga zaidi yapakwe rangi ukutani penye viwanja vya umma, watoto wayakute hapo wanapokuja kucheza.

Anayetaka kuondoka naye apewe waraka wenye muhuri, unaoonyesha alichokifanya hapa. Kwa sasa anafika Nairobi au Mombasa akiwa na viatu na maneno ya kocha wake, na mkataba anaopewa unalingana na hivyo viwili. Akiwa na takwimu za misimu minne atazungumza kama mtu mwenye bei. Na akishatwaa ubingwa huko, watu wataweza kusema kwa ushahidi alikuwa nani kabla hajaukuta, jambo ambalo Durant analo na wa kwetu hana.

Nimeweka karatasi zangu tangu nilipoanza kuketi mezani, nyingine zimefifia, nyingi zinasomeka. Ziko kwenye sanduku la bati nyumbani kwangu Manyatta. Nikipata wito nitazileta mwenyewe, na nitakaa na yeyote utakayemteua hadi tumalize kuziingiza kwenye kompyuta. Nitashukuru sana kazi hiyo ikianza kabla ya msimu kufunguliwa, kwa kuwa yule kijana anatakiwa kutoa jibu lake karibuni, nami ningependa aondoke, au abaki, akiwa na waraka wake mkononi.

Wako katika michezo,
Karani wa meza, Manyatta, Kisumu