Juma, kuhusu Hamisi kwenda kwa Mzee

Morogoro, Jumapili usiku

Ndugu yangu Juma,

Asalaam aleikum. Habari za Mwanza, za duka, za mama Hamisi na watoto? Sisi hapa hatujambo. Mvua zimeanza, mahindi ya nyuma ya nyumba yameshika vizuri, na shemeji yako anakusalimu sana. Anauliza yule sato uliyemwahidi tangu Idi kubwa anakuja kwa miguu au vipi.

Najua umekasirika. Wiki tatu zimepita tangu uniandikie, na mara mbili ulipopiga nikasema nitakupigia, sikupiga. Naomba unisamehe. Ulichoniomba nilikuwa nakigeuza kichwani kila siku, nikishika simu naona maneno hayatoshi, ndiyo maana nimeamua kukaa chini niandike kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Umetaka mwanao Hamisi aende Tabora akakae na Mzee, baba yangu. Maneno yako nimeshayakariri: "Mpe Mzee miezi mitatu tu. Fimbo zake zilitunyoosha sisi, zitamnyoosha na huyu." Laki nne na nusu za mauzo kuishia kwenye kubeti si jambo dogo, na kwa kijana wa miaka 16 linatisha. Sikulaumu kwa hasira zako. Lakini yule Mzee unayemtafuta, Juma, hayupo. Yu hai, alhamdulillahi, tena yuko chumba cha pili hapa hapa ninapoandika, nilimleta wapasue mtoto wa jicho. Anavaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Ila yule wa fimbo ameondoka, na ukimpelekea Hamisi atamkuta babu anayemenya machungwa.

Ungemwona asubuhi. Binti yangu Zubeda, Mzee anamwita "mke wangu", basi mwanangu Yahya kila siku lazima amdai mahari ya dada yake, ng'ombe kumi na mbili, na Mzee anajibu kwamba pensheni ikitoka ataswaga wote kutoka Tabora mpaka hapa. Anacheka mpaka anakohoa. Mimi nina miaka 50 na ushee, na mwezi huu ndiyo mara ya kwanza nimeyaona magego ya baba yangu.

Nilianza kwa kufurahi. Halafu siku ya tatu nikashikwa na kitu kama wivu, nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye mahindi. Nikajiuliza kicheko chote hiki kilikuwa wapi. Najua desturi yetu, babu na mjukuu ni watani, baba ndiye wa kuogopwa, hilo hatukulianzisha sisi. Lakini desturi haimalizi swali.

Turudi kwenye fimbo, maana ndiko ulikoanzia. Unakumbuka ilikuwa 1984, miezi michache baada ya Sokoine kufariki, tulipopanga misumari ya inchi sita juu ya reli ili treni itutengenezee visu. Mzee alitokea na gengi lake la kutengeneza reli, tukakimbia, mimi nikakamatwa kwenye ule mwembe. Wewe unahesabu fimbo, kila ukisimulia zinaongezeka, juzi umefika kumi na nane. Zilikuwa sita. Lakini umesahau Jumamosi yake. Alitugongea milango alfajiri, wewe na mimi, akatubebesha dumu la maji na spana, tukatembea na gengi kipande kizima mpaka jua likazama. Kila penye kiungo anasimama, anagonga nati kwa nyundo, anasikiliza. Iliyolegea anakupa spana wewe, kitoto cha miaka kumi, ukaze. Tukining'inia wote wawili kwenye ile spana haizunguki, na yeye anangoja. Wale vibarua wanatucheka, yeye anangoja tu. Halafu akatulaza kifudifudi, shavu kwenye chuma, tutazame reli inavyokwenda mpaka tuone pale ilipobonyea. "Hapo," akasema, "watu mia nne watapita usiku wakiwa wamelala." Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni uchovu. Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto wangu kwamba alikuwa na hofu tangu siku ile ya misumari, na hofu yenyewe hakuwa na njia nyingine ya kuitoa isipokuwa fimbo.

Sasa niambie, kipi kilitunyoosha? Fimbo tulishapigwa nyingi kabla ya hapo na tukarudi relini vilevile. Baada ya ile Jumamosi hatukuweka tena hata kijiwe.

Ngoja nikusimulie safari, maana ndiyo iliyonifanya nishindwe kukujibu haraka.

Nilikwenda kumpokea Dodoma na Yahya, yeye alikuja na basi kutoka Tabora. Tukapanda treni ya umeme kuja Morogoro. Unajua alivyo, kabla ya kupanda alitaka kwanza aione njia. Akainama pale stesheni, jicho moja haoni, anachungulia mataruma ya zege yanayobeba reli, ananiuliza zege linavumiliaje joto, kama vile hajui kwamba mimi nauza dawa za mifugo. Treni ilipoondoka akanyamaza, akainamisha kichwa. Nikadhani anaumwa. "Haigongi," akasema. Miaka yote ile ya mataruma ya chuma amezoea tragada-tragada ya viungo, na hii reli wameichomelea ikawa moja. Akamwambia Yahya, "Mjukuu wangu, hii huwezi kuisikiliza. Sijui wenyewe wanajuaje ikiumwa."

Tulipofika Igandu akavua kofia. Sikumwambia kitu. Unakumbuka Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mlima ikaenda kugonga treni ya mizigo, wakafa watu 281. Mzee alikuwa ameshastaafu mwaka mzima, na kile hakikuwa kipande chake, kiko mbali kabisa na Tabora. Lakini ulikuwepo, ulimwona, siku mbili alikaa kwenye benchi la stesheni bila kula, kama mtu aliyefiwa na nyumba nzima.

Baada ya Igandu Yahya akamwuliza, kwa ule utani wao, "Babu, kwani wewe ulikuwa mtoto kweli, au ulizaliwa mzee?" Mimi nilikaa kiti cha nyuma yao. Nikajua atamkemea. Akaanza kusimulia, na aliyokuwa akiyasimulia mimi sijawahi kuyasikia tangu nizaliwe.

Kumbe baba yake alipofariki mwaka 1960 yeye alikuwa na miaka 14, wadogo zake watano, wa mwisho bado ananyonya. Hilo tunalijua. Tusilolijua ni kwamba siku ya arobaini wazee walimwita katikati ya watu, wakamvika koti la marehemu. Koti refu, mikono imepita vidole, pindo linakaribia kugusa ardhi. Baba yake mkubwa akamwambia: kuanzia leo wewe ndiye baba wa hawa, usicheke ovyo mbele yao, wakikuona unacheka watadhani hakuna shida. Na alikuwa mtoto wa kuchekacheka sana, amesema mwenyewe, ndiye aliyekuwa akiigiza watu wote kijijini. Shule akaishia darasa la nne, akalima tumbaku ya watu, mwaka 1964 akapata kibarua reli. Sare za Baba Mdogo ni yeye, nauli ya kwenda chuo cha ualimu ni yeye, mahari za wadogo zake ni yeye, na kumwoza Shangazi ni yeye aliyekaa na wazee. Halafu tukaja sisi juu ya hao.

Yahya akamwuliza, "Sasa ukaanza kucheka lini tena?"

Mzee akafikiri. Tumeshaanza kuingia kwenye mahandaki ya Kilosa, giza, mwanga, giza. Akasema, "Hakuna aliyekuja kunipokea zamu."

Juma, nililia kwenye treni. Nimegeukia dirishani lakini ni handaki, kioo kinanionyesha uso wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo namhesabia miaka. Kaka Salumu amezaliwa 1970, wakati Mzee anatunza wadogo watano na mama yake, mshahara mmoja. Salumu kapata baba aliyebanwa kila upande. Mimi nimekuja pale katikati, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vifaa vya njia havipatikani, ile miaka ya foleni za sabuni na sukari, lakini angalau Baba Mdogo alishaanza kazi anatuma chochote. Ramadhani kazaliwa mzigo umeshuka. Ndiyo maana Ramadhani anaimba bafuni. Tunasema nyumba moja, baba mmoja, lakini sisi watatu tumelelewa na wanaume watatu tofauti, na kila mmoja amebeba wa kwake. Salumu mkali mpaka kwa mbwa. Ramadhani ana moyo mweupe lakini kitu hakimalizi, hata choo cha nyumba yake hakina mlango mwaka wa nne sasa. Na mimi, unanijua, nikiwa na wasiwasi nafoka. Mwezi uliopita nimemfokea Yahya kwa sababu ya geti tu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mzee kabisa, ile ya 1984.

Na huyo Salumu nataka umfikirie vizuri, kwa sababu yeye fimbo alizipata kuliko sisi wote. Alinyooka? Alitoroka na miaka 17 akaenda Mererani, tusimwone mpaka msiba wa Mama. Mwaka 1998 mafuriko yalipoingia kwenye mashimo yakaua wachimbaji wengi, Mzee alitoweka nyumbani siku tisa. Alirudi na vumbi, hakusema kitu. Baba Mdogo ndiye aliyenieleza baadaye kwamba alikwenda Mererani, akaulizauliza, akamwona Salumu kwa mbali anakula kwa mama lishe, mzima, akageuza. Safari yote ile, na hakumsogelea. Hakujua angeanza na neno gani. Ukinitajia fimbo za Mzee mimi huwa naona hilo, baba amesimama ng'ambo ya barabara anamtazama mwanawe anakula ugali.

Sasa nitasema jambo na usinikasirikie, nakwambia kwa sababu nakupenda. Wewe baba yako alikuwa safarini na malori, bimkubwa alikulea kwa maandazi yake na hakuwahi kukuinulia mkono. Ubaba ulikuja kuutazama kwetu. Uliona viatu vyetu vimepakwa rangi, uliona tunasimama Mzee akiingia, ukasema hivi ndivyo baba anavyokuwa. Ulikuwa unarudi kulala kwenu. Hukusikia usiku anavyotembea ukumbini akihesabu pesa ambazo hazitoshi. Na ile tabia yako nayo ndiko ilikotoka, unacheka na Hamisi kama rika lako mwaka mzima, unamwachia kila kitu, kisha siku moja unalipuka unataka apelekwe mbali. Kijana hajui leo atamkuta baba yupi. Hata hizo pesa, ulimwachia droo bila daftari, bila kumwuliza jioni, miezi minne. Mzigo hukumpa, ulimpa pesa tu.

Kwa hiyo jibu langu. Akanyooshwe, hapana. Lakini Mzee anarudi Tabora mwisho wa mwezi, na daktari ameagiza matone mara nne kwa siku kwa wiki nne, asiiname, asibebe kitu kizito, asikaribie moshi. Ramadhani nampenda lakini saa haimhusu. Anatakiwa mtu wa kumtilia Mzee dawa kwa wakati, amshike mkono kwenda msikitini Kanyenye, amchotee maji. Likizo ya Hamisi inaangukia hapo hapo. Kama atakwenda, aende akijua kwamba jicho la mtu liko mikononi mwake, asiambiwe kuwa ni kifungo. Na umpeleke wewe mwenyewe. Mpande gari moja, mkae siti moja, ulale pale usiku mmoja, umsalimie Mzee. Usimpakie kama mzigo wa duka na kumtumia namba ya kondakta.

Habari za wizi usimwambie Mzee kwenye simu. Akitaka, Hamisi atamwambia mwenyewe. Nina hakika atamwambia, watu siku hizi wanamwambia kila kitu.

Na hizo laki nne na nusu azilipe. Jumamosi na Jumapili dukani, daftari aandike yeye, usaini wewe kila jioni, mpaka iishe. Hata ikichukua mwaka. Haya, mimi nimesema, wewe ndiye baba yake.

Lakini niambie, ulishakaa naye ukamwuliza zile pesa alianza vipi, au mmefika kwenye kelele tu? Anadaiwa na mtu? Mama Hamisi anasemaje, maana yeye hukumtaja hata mara moja na hilo limenitia shaka. Shule wamempa barua au bado hawajui? Anaweza kushika mkono wa mtu mzima kumtilia dawa bila kutetemeka? Anakula muhogo? Mzee siku hizi jioni ni muhogo na chai ya rangi, hataki kingine. Na wewe presha yako imeshuka? Salumu umemsikia? Aliniambia atapita Mwanza, kama atapita mshikilie hapo mpaka nipige, nataka nimsimulie habari ya koti kabla hajaisikia kwa mwingine.

Nijibu kabla ya Alhamisi, kuna tiketi ya Mzee ya kukata. Sasa hivi ananiita, ni saa ya matone na Yahya amesinzia.

Ndugu yako,
Masudi