Shukrani kwa fundi aliyegonga boriti yetu

Fundi huyu ameniomba nisimtaje jina, nami natii, ila kunyamaza kabisa siwezi.

Nyumba aliyotuachia babu ilikuwa na ufa juu ya mlango na dari iliyoanza kubonyea. Kwa macho, kazi ya plasta na rangi tu. Yeye alikuja kumsalimia shemeji, akatazama juu, akaomba ngazi. Aligonga boriti kwa mpini wa nyundo, ikalia kama debe tupu. Akachomeka bisibisi, ikazama yote. Mchwa walikuwa wamekula ndani, wakabakiza ganda lililopakwa rangi.

Alitukataza kukata chochote kabla uzito wa paa haujashikwa. Kaka zangu walibeba nguzo, yeye akazisimamisha pande zote mbili, kila moja juu ya kipande cha ubao ili isididimie. Mama alishika tochi (na kutoa amri, kama kawaida yake). Fundi akakata sehemu mbovu mpaka akafikia mbao nzima, akalaza boriti mpya ubavuni na kuibana kwa bolti. Kisha akapanda juu kutafuta chanzo: bati lililotoboka, maji yakilowesha mbao na kuwaita mchwa. Akaliziba, akatuachia dawa ya kupaka.

Pesa alikataa. Wenye ujuzi wake, mkiona ufa kwa jirani, tafadhali msipite kimya.

Kaka fundi, asante sana. Watoto sasa wanalala chumba kile.