Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazazi, masensei, vijana na wanachama wote wa chama chetu cha karate,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya mashindano mnayo mkononi kutoka kwa katibu. Sitairudia. Niseme tu kwamba kodi ya ukumbi imelipwa hadi Desemba, tatami, yaani mikeka ya mazoezi, zilizochanika kule upande wa dirisha zimebadilishwa, na yeyote aliyeazima glavu nyekundu za chama azirudishe. Wiki jana watoto wanne walipigana kwa zamu wakivuana jozi moja iliyolowa jasho.

Muda wangu uliobaki nataka niutumie kwa jambo moja.

Mtakumbuka ile Jumamosi tuliyokodi projekta, tukatundika shuka ukutani ili vijana watazame fainali ya Olimpiki ya Tokyo, kumite, yaani pambano la watu wawili, ya wanaume chini ya kilo 75. Stima ilipotea mara mbili kabla hatujaanza. Ilikuwa Rafael Aghayev wa Azerbaijan na Luigi Busà wa Italia, ndani ya Nippon Budokan, Agosti 6, 2021. Watoto walikuwa wanangoja mateke ya kuruka. Walichokiona ni watu wazima wawili wakiviziana kama paka, kila mmoja akijaribu kumwibia mwenzake nusu hatua. Dakika tatu nzima. Ikapatikana yuko moja, yaani pointi moja ya ngumi, na mchezo ukaisha hivyo: Busà 1, Aghayev 0. Kijana mmoja wa mkanda wa kijani akageuka: "Sensei, ni hiyo tu?"

Ni hiyo tu. Lakini hesabuni miaka. Aghayev alikuwa na umri wa miaka 36 siku hiyo. Mwaka wa 2006 kule Tampere, Finland, akiwa na miaka 21, alitwaa dhahabu mbili za dunia kwa mpigo: moja ya uzito wake, nyingine ya kundi la wazi, ambako unapangiwa yeyote hata awe amekuzidi mwili mara moja na nusu. Dhahabu ya tano ya dunia aliipata Linz, Austria, 2016. Na Busà? Naye alikuwa bingwa wa dunia hapo hapo Tampere, katika uzito mwingine. Kwa hivyo pointi ile moja mliyoiona kwenye shuka iliandaliwa kwa miaka kumi na mitano. Kwa upande wa kata, yaani mfululizo wa mapigo bila mpinzani, siku iliyotangulia Sandra Sánchez wa Uhispania alichukua dhahabu akiwa na miaka 39.

Sisi je? Picha ya mwisho ya mikanda myeusi iko pale juu ya kabati. Wamo vijana sita, na ni mmoja tu ambaye bado anafanya mazoezi hapa. Wawili wako vyuoni nje ya Nairobi, mmoja ana bodaboda, mmoja sijui aliko. Wa sita anauza simu Luthuli Avenue, na mwezi wa Septemba nilimpitia. Anafungua duka saa mbili asubuhi, anafunga saa mbili usiku. Sisi tunaanza mazoezi saa kumi na mbili jioni. Tulipokuwa tukizungumza nilimtazama miguu: amesimama nyuma ya kaunta, kisigino cha nyuma kimeinuka, tayari kuchomoka. Hakujua kama anafanya hivyo.

Kosa ni letu, na mimi niko mbele. Fedha zetu nyingi huishia kwenye vikombe vya watoto wa chini ya miaka 12, kwa sababu wazazi wao ndio wanaolipa ada na ndio wanaopiga picha. Mtoto akimaliza kidato cha nne hana wa kumlipia, nasi tunamdai ada ile ile. Tunampoteza akiwa na miaka 19, miaka miwili kabla ya umri ambao Aghayev alitwaa dhahabu zake za kwanza za dunia.

Huyo mmoja aliyebaki pichani ni binti, na mnamjua. Ndiye anayewafundisha wadogo Jumamosi. Mwaka huu alialikwa kwenye mashindano Ulaya. Viza ilitoka siku tatu baada ya fainali. Katika mchezo huu nafasi za dunia hutafutwa kwa pointi, na pointi hutafutwa kwa safari. Nilijaribu kumtia moyo kwa habari za Feryal Abdelaziz, mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa dhahabu ya Olimpiki, tena katika karate, Tokyo hiyo hiyo. Akanijibu, "Mwenyekiti, Mwafrika hata mimi ni Mwafrika. Nitafutieni nauli mapema."

Wazazi kadhaa wameniuliza tunahangaikia nini ilhali karate haikuwemo Paris 2024 wala haimo Los Angeles 2028. Nawajibu kwamba mashindano ya dunia yamekuwepo tangu 1970, na Michezo ya Afrika ina karate.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Walio kati ya miaka 18 na 25 wasilipe ada, na pengo hilo lizibwe kwa kuacha kununua vikombe. Watoto wapewe medali peke yake. Pili, Jumanne na Alhamisi tuwe na kipindi kinachoanza saa mbili na nusu usiku. Mlinzi wa ukumbi amekubali hadi saa nne, ingawa sijapata jibu la matatu za saa hizo. Najua suala la vikombe litazua maneno, nami niko tayari kuyasikia baada ya chai, kabla ya kura.

Yule wa Luthuli ameshasema kipindi hicho kikipita atakuja Alhamisi. Ameuliza kama glavu za bluu bado zipo. Zipo. Nyekundu ndizo ninazosaka.