Balbu Uliyoipima Ikiwa Imelala

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumai nyote hamjambo. Barua yako niliipata jana jioni, na hesabu zako nikazirudia kwa kalamu kabla sijalala. Hukukosea popote. Balbu imeandikwa wati 60 kwa volti 240. Mita yako imesoma omu 70, yaani ukinzani wake, kiasi inavyouzuia umeme kupita. Ukazidisha volti kwa volti, ukagawanya kwa omu, ukapata wati 823. Kisha ukauliza nani mwongo kati ya kiwanda, mita na kanuni.

Hakuna mwongo hapo, ndugu yangu. Uliipima balbu ikiwa imelala.

Sasa ifuate njia nyingine. Gawanya wati 60 kwa volti 240, utapata mkondo wa ampea 0.25. Halafu gawanya volti 240 kwa ampea 0.25: ukinzani ni omu 960. Huo ndio ukinzani wa ule uzi wa tungsteni ukiwa unawaka, kwenye joto la nyuzi kama 2,500 za Selsiasi. Metali ikipata moto, atomi zake hutikisika zaidi na elektroni hupita kwa shida, kwa hiyo ukinzani hupanda. Mita yako hupitisha mkondo mdogo mno, hauwezi hata kuupasha uzi huo moto. Ilikuambia ukweli wa balbu baridi, nawe ukautumia kwa balbu inayowaka.

Tena zile wati 823 zako usizifute. Hiyo ndiyo nguvu ambayo balbu huivuta pale pale swichi inapobonyezwa, kwa ampea karibu 3.4, kabla uzi haujapata joto. Hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde. Umewahi kuona jinsi balbu za aina hii zinavyopenda kuungua wakati wa kuwashwa kuliko zikiwa zimeshawaka? Sababu umeikokotoa mwenyewe bila kujua, nami nilifurahi sana kuiona kwenye karatasi yako.

Kwa hiyo shika hili: ukitaka ukinzani wa kifaa kikiwa kazini, pima volti zake na ampea zake kikiwa kazini, kisha gawanya. Georg Ohm mwenyewe, yule mwanafizikia Mjerumani ambaye omu imepewa jina lake, alilijali sana jambo hili. Betri za wakati wake zilikuwa zikichoka katikati ya jaribio, basi mwaka 1826 akaziacha, akatumia metali mbili zilizounganishwa, kiungo kimoja ndani ya maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, ili apate umeme usioyumba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Uwiano alioupata kati ya volti na ampea hubaki uleule pale tu joto la waya lisipobadilika, na uzi wa balbu hauna utulivu huo.

Birika la umeme ni tofauti. Waya wake wa kupashia moto kwa kawaida ni wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, na ukinzani wa nikromu haubadiliki sana ukipata joto. Birika la wati 2,000 kwa volti 240 lina omu 28.8, na ukilipima likiwa baridi, limechomolewa kabisa, mita itakupa namba iliyo karibu na hiyo. Hapa ile kanuni yako inafanya kazi vizuri. Umeme ukishuka hadi volti 200, wengi hudhani nguvu imepungua kwa sehemu moja ya sita. Kokotoa: 200 mara 200, gawanya kwa 28.8. Ni wati 1,389. Karibu theluthi nzima imepotea, kwa sababu volti zikishuka, ampea nazo hushuka pamoja nazo.

Kuna jambo moja nakusihi ulitazame kwa makini. Siku moja nilishika plagi ya birika iliyochomekwa kwenye ekstensheni, nikaiachia haraka kwa moto wake. Ndani, skrubu ya waya mmoja ilikuwa imelegea. Tuseme kiungo hicho kilikuwa na nusu omu tu. Mkondo wa ampea 8.3 ukipita hapo, volti zinazopotea ni kama 4, na birika linachemsha kama kawaida, hakuna anayeshtuka. Lakini zidisha ampea kwa ampea, kisha kwa nusu omu: wati 34, zote zimejazana mahali padogo kuliko ukucha, ndani ya plastiki. Na mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne, kama mwanafizikia Mwingereza James Joule alivyochapisha mwaka 1841 baada ya kuzamisha waya kwenye maji na kupima joto lake. Kaza skrubu zako zote, tafadhali.

Umeme wa ukutani usiupimie ampea kwa mita hiyo ndogo. Ili ujaribu mwenyewe, chukua betri ya gari ya volti 12 na balbu mbili za taa ya breki, za wati 21 kila moja, na uweke fyuzi ya ampea 10 karibu na ncha chanya. Kwanza gusanisha ncha za mita, soma omu za waya zake wenyewe, kisha uzitoe kwenye kipimo cha balbu baridi. Halafu washa balbu moja, mita ya ampea ikiwa kwenye njia ya mkondo na ya volti ikiwa sambamba na balbu. Utarajie ampea karibu 1.75, yaani kama omu 6.9.

Mwisho, ziunganishe balbu zote mbili kwa mfuatano, kila moja ipate volti 6. Je, mkondo utakuwa nusu ya ule wa kwanza? Andika jibu lako kabla hujawasha, kisha unitumie pamoja na namba ambayo mita imesoma.

Wako akupendaye,
Rafiki yako